Mjumbe wa Nyumba Kumi na Kidole Kimoja

Ingia steshenari yoyote ya hapa Tanga, iwe Ngamiani au Chumbageni, kisha inamia kibodi ya kompyuta iliyokaa muda. Herufi A imefutika. I na N zinafuatia. Q na X zipo vilevile zilivyotoka kwenye boksi, kwa kuwa maneno yetu hayana kazi nazo, labda apite mteja mwenye barua ya Kiingereza.

Anayetaka kujua kwa nini vijana wengi waliopita vyuo vya kompyuta wanachapa Kiingereza kwa wepesi kuliko lugha waliyoinyonya kwa mama zao, aanzie kwenye hiyo A. Kwa mpangilio wa vidole kumi unaofundishwa darasani, A ni ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile ambacho wengi hatukukipa kazi yoyote zaidi ya kuchokonoa sikio. Na Kiswahili bila A hakiendi hatua mbili: na, ya, wa, kwa, za, la, barua, mkataba, Tanga, Tanzania. Waliopanga herufi hizi walikuwa Milwaukee, Marekani, katika miaka ya 1870. Christopher Latham Sholes na wenzake walikuwa na Kiingereza kichwani, na mashine ya Remington iliyoanza kuuzwa mwaka 1874 haikumfikiria mtu wa kuandika "Yah: Maombi ya Kiwanja". Siwalaumu. Ninachokataa ni sisi kuendelea kujifunza kana kwamba vidole vyetu vitaajiriwa Milwaukee.

Mimi nilisomea uhazili, nikafanya kazi ya ofisi, na sasa nina meza yangu ya kuchapa na kuprinti Ngamiani, kwenye mojawapo ya barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Vijana hunijia, hasa wanaosubiri usaili. "Dada, nina maneno ishirini na tano kwa dakika, nifanyeje nifike arobaini?" Karibu wote wanaamini mikono yao ni mizito kwa jumla. Huwa siwajibu. Nawapa sentensi moja wachape:

Mjumbe wa nyumba kumi amegonga muhuri.

Hapo vidole vinagongana. Tazama kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kwa utaratibu wa darasani kidole hicho kimoja kimekabidhiwa J, U, Y, H, N na M. Sasa fuata mjumbe: M, J, U, M, zote kidole hichohicho mfululizo, ndipo B ya mkono wa kushoto inapokuja kukipumzisha. Nyumba: N, Y, U, M, mambo ni yaleyale. Muhuri: M, U, H, U. Kidole kimoja kinashuka, kinapanda, kinarudi katikati, kinashuka tena, na vile tisa vingine vimekaa barazani vinatazama. Ongeza jumuiya na hujuma, ushapata orodha ya maneno ambayo mtu anayechapa haraka hukwama kila anapoyafikia bila kujua kwa nini.

Na hayo si maneno ya nadra. Mtu wa Tanga akija na mkataba wa kuuza au kupangisha, hana namna ya kuikwepa nyumba, wala mjumbe, wala muhuri. Kwa hiyo kazi inayoletwa zaidi kwenye steshenari ndiyo inayokaba kidole zaidi.

Kinyume chake, chapa mahakama. M kulia, A kushoto, H kulia, A kushoto, K kulia, A kushoto, M kulia, A kushoto: mikono inapokezana kama wanawake wawili kwenye kinu kimoja. Nakala ni hivyo hivyo, na makala, na hapana. Haya hujichapa yenyewe. Ndiyo sababu barua ya kukataa ombi huisha upesi kuliko mkataba wa nyumba, ingawa sidhani kama kuna ofisi imewahi kulifanyia hilo utafiti.

Yapo pia maneno yanayoulemea mkono mmoja. Barabara, baraza, tarafa na sawa ni ya kushoto tupu. Mkono wa kulia hauguswi. Kijiji, mkopo na jioni ni ya kulia tupu. Taarifa ya kikundi cha mikopo kijijini, kwenye tarafa fulani, humfanya mchapaji ayumbe upande mmoja kisha mwingine. Halafu kuna "za". Z na A zote ni za kidole kilekile cha mwisho cha kushoto, kwa hiyo "fedha za mauzo" inakidai kidole dhaifu kuliko vyote kishuke na kupanda mara mbili katika maneno mawili. Jina la nchi yetu lina kigingi hicho katikati. Tazama vijana wanavyochapa Tanzania: Tan, kimya kidogo, zania.

Basi dawa ninayoitoa ni hiyo. Usifanye mazoezi ya kibodi nzima. Fanya mazoezi ya mahali unapokwama. Chukua mjumbe, nyumba, muhuri, za, wa, na uchape kila moja polepole mpaka ikuudhi, kwa mwendo uleule usiobadilika, macho kwenye kioo. Ukipita mistari kadhaa bila kukosea, liingize neno kwenye sentensi. Sentensi ikitulia, nenda kwenye aya. Robo saa kila siku inazaa kuliko kukaa Jumamosi nzima, kwa sababu vidole hujifunza kwa kurudiarudia na vikichoka hujifunza makosa.

Kwa anayeanza kabisa, Kiswahili kina hazina ambayo programu za kigeni hazikuiona. Yapo maneno mengi yanayoandikika kwa mstari wa kati peke yake, bila kidole kupanda wala kushuka: sasa, lala, sala, hafla, ghala, sadaka, jalada, shahada, fasaha. Hebu fikiria mwanafunzi anaanza siku yake ya kwanza na maneno yenye maana anayoyajua, badala ya kupiga "asdf" hadi kusinzia. Kizazi changu kilifundishwa na Mavis Beacon, programu iliyotoka mwaka 1987, na nawajua watu wazima wanaoamini mpaka leo kwamba yule mama mtanashati kwenye boksi alikuwa mwalimu wa kweli. Hakuwahi kuwapo. Jina lilitungwa, na picha ilikuwa ya mwanamke mwingine kabisa. Alitufundisha vizuri hata hivyo, ila kwa Kiingereza. Siku hizi tovuti kama Monkeytype inakuruhusu kuweka maandishi yako mwenyewe. Weka mkataba wa pango humo uone cha moto.

Jambo moja la vifaa. F na J zina vinundu vidogo vya kumwambia mchapaji vidole vimekaa mahali pake bila kutazama. Kwenye kibodi za steshenari vinundu hivyo huwa vimelika. Tone moja dogo la gundi kali, likauke usiku kucha, linatosha. Kiti cha plastiki kilicho chini kuliko meza nacho huua viganja. Weka mto, viwiko vilingane na kibodi. Siendi mbali zaidi hapo.

Turudi kwenye yale maneno arobaini, kwa sababu kipimo chenyewe kina mchezo. Kwenye majaribio ya kuchapa, "neno" ni migongo mitano ya kibodi, yaani kugonga vitufe mara tano, nafasi zikiwemo. Arobaini kwa dakika ni migongo 200. Sasa chukua "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu." Ni maneno saba, lakini ukihesabu herufi, nafasi na nukta unapata migongo 43, yaani maneno 8.6 ya kipimo. Chukua na hii: "Nimeshindwa kuwasilisha taarifa iliyohitajika." Maneno manne tu, migongo 46, maneno 9.2 ya kipimo. Lugha yetu inabeba nani, lini na nini ndani ya neno moja, kwa hiyo anayehesabu maneno kwa macho atajiona mzembe bure. Pima kwa migongo. Na mtu asichanganye kipimo hiki na kile cha hatimkato: kwa miaka mingi matangazo ya ajira ya Katibu Mahsusi Daraja la Tatu yalitaka hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 80 kwa dakika, lakini hiyo ni kasi ya kunukuu kwa kalamu anachosema mtu.

Tena kasi yenyewe huliwa na kurudi nyuma. Ukigundua kosa baada ya kupita herufi sita, unafuta sita na kuandika sita, na kabla ya hapo umeshasimama kufikiri. Kijana wa kasi hamsini anayefuta kila mstari hunimalizia ukurasa mmoja baada ya binti wa thelathini na tano asiyefuta. Angalau ajue kwamba Ctrl pamoja na kitufe cha kufutia huondoa neno zima kwa mguso mmoja, maana wengi wanakigonga-gonga kitufe hicho hadi majirani wanasikia.

Lakini hayo ni makosa unayoyaona. Yanayonikosesha raha ni yale yanayotoka mlangoni yamevaa nguo safi. Kwa Kiswahili herufi moja inaweza kumbadilisha mtu mzima kwenye sentensi. "Mpangaji alipe" na "mpangaji alipwe" zimetofautiana kwa W, na fedha zimegeuza mwelekeo. "Atalipa umeme" na "hatalipa umeme" zimetofautiana kwa H. Kuna na kosa la kioo, ambalo huwapata hasa walio wepesi: akili inataja kidole sahihi lakini mkono usio wake. S ni kidole cha pete cha kushoto. L ni kidole cha pete cha kulia. "Asipolipa kodi kwa miezi mitatu" inakuwa "Alipolipa kodi kwa miezi mitatu", na kifungu cha kumtoa mpangaji kimegeuka kuwa cha kumtoa kwa kosa la kulipa. D na K nazo ni vidole vya kati, kushoto na kulia, kwa hiyo dada na kaka ni sura mbili za neno moja kwenye kibodi. Kwenye kadi ya mwaliko wa harusi hilo ni kicheko. Kwenye fomu ya mirathi si kicheko.

Kompyuta haitakuambia. Alipolipa na asipolipa yote ni Kiswahili safi, na mara nyingi mashine yenyewe imewekewa Kiingereza, kwa hiyo inapiga mstari mwekundu chini ya kila neno, ukurasa mzima umevuja damu. Jicho likizoea wekundu huo halioni tena kosa la kweli. Kama kompyuta ina Kiswahili kwenye lugha zake za ukaguzi, kichague. Kama haina, izime mistari hiyo kabisa na usome mwenyewe.

Programu ya Word ina ujuaji mwingine. Andika vifungu vya mkataba kwa (a), (b), (c) na hicho cha tatu kitageuka kuwa alama ya hakimiliki, ©. Andika (i) na itajipandisha kuwa (I). Gonga Ctrl na Z mara moja tu papo hapo inarudi, au ingia kwenye masahihisho ya moja kwa moja uzifute kanuni hizo. Mitihani ya shule imejaa hiyo ©, wanafunzi wamezoea kuichagua kama jibu.

Halafu kuna faili la zamani. Hakuna steshenari inayoandika mkataba upya. Unafungua wa mteja wa wiki iliyopita na kubadilisha majina. Tuseme muuzaji alikuwa Ali na huyu wa leo ni Juma. Kijana anaiamuru kompyuta itafute Ali popote aweke Juma. Inatii. "Alipokea" inakuwa "Jumapokea", "tafadhali" inakuwa "tafadhJuma", na Serikali ya Mtaa inakuwa kitu kama SerikJuma ya Mtaa. Kiswahili kimejaa "ali" kuliko majina ya Ali yaliyoko Makorora nzima. Kabla ya kubadilisha, weka alama kwenye chaguo la kutafuta neno zima, na lenye herufi kubwa vilevile. Hata hivyo pitia moja moja.

Majina usiyachape kwa kusikia. Omari na Omary, Saidi na Said, Mohamedi na Mohamed na Muhammad: mwombe mteja kitambulisho na unakili kilichoandikwa, hata kama unaona kimekosewa. Mtu akiwa Omary kwenye cheti cha shule na Omari kwenye kitambulisho, ataishia kwa wakili akila kiapo kwamba yeye ni mtu mmoja. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Ziandike kwa mafungu, nane, tano, tano, mbili. Zile nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, basi zilinganishe na tarehe iliyo kwenye kitambulisho na utanasa makosa mengi bila jasho. Fedha ziandikwe kwa tarakimu na kwa maneno: Sh. 1,500,000 (milioni moja na laki tano). Sifuri ikiongezeka upande mmoja, upande mwingine utapiga kelele. Na kama kibodi ina kile kipande cha namba upande wa kulia, kitumie bila kutazama. 5 ina kinundu chake, kama F na J.

Kuna mzee hupita kwangu, alikuwa karani kwenye mashamba ya mkonge enzi za taipureta. Humkuta kijana amekimbiza aya na kuifuta yote, akacheka. "Mwanangu, sisi hatukuwa na kufuta." Walikuwa na karatasi za kaboni, nakala tatu nne kwa mgongo mmoja, na kosa lilirekebishwa kwenye kila nakala kwa mkono. Stensili ya kudurufu ilikuwa mbaya zaidi: herufi ilitoboa nta, na ukikosea unapaka dawa, unasubiri ikauke, unagonga tena juu yake ukiomba Mungu. Kabla yao mji huu ulikuwa tayari na watu wa herufi. Gazeti la Kiongozi lilichapwa hapa Tanga kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani, herufi za risasi zikipangwa kwa mkono moja baada ya nyingine. Watu hao hawakuwa na namna ila kwenda kwa mwendo ambao wangeweza kuusimamia.

Vijana hunijibu kwamba hayo yamepita, kwamba simu inaandika unachosema. Ni kweli, na Google ilikiingiza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017. Mimi mwenyewe huitumia wateja wanaponitumia maelezo marefu ya sauti kwa WhatsApp. Inanipa maneno. Hainipi Kumb. Na., wala yatokanayo na kikao kilichopita, wala vifungu vinavyokaa chini ya vifungu, na ikisikia alipwe mahali pa alipe haina aibu.

Mchana wateja wakipungua nawaachia wanaojiandaa na usaili kompyuta ya pili, bure, kwa sharti moja: wachape nyaraka za kweli, muhtasari wa kikao, barua ya maombi, mkataba wa pango, na si sentensi ile ya mazoezi ya Kiingereza, ya mbweha anayemruka mbwa. Wakimaliza wanasomeana wawili wawili, mmoja na karatasi ya mkono, mwingine na kioo, tarakimu moja moja, koma zikitajwa kwa jina, jina la mtu likisomwa kwa herufi. Kabla ya hapo hawaruhusiwi kuniambia walipata kasi gani. Mteja akiingia wanampisha kiti na kumalizia kusomeana wakiwa wamesimama.